Nani Aipe Sanaa Jina? Historia Fupi ya Mazungumzo ya Hadhara ya Wasanii na Wahakiki

Miongoni mwa maswali yanayoletwa kwetu na wafasiri na walimu, liko moja ambalo kwa sura yake laonekana jepesi: sanaa ya kisasa ni ipi? Mfasiri aliyepewa kijitabu cha maonyesho ya picha hukuta kwamba lugha anayoifasiri, iwe Kiingereza, Kifaransa au Kijerumani, ina maneno mawili yaliyo mbalimbali. Neno la kwanza hutaja sanaa ya kipindi maalumu, ile iliyochipuka Ulaya katika nusu ya pili ya karne ya 19 na kutawala hadi katikati ya karne ya 20. Neno la pili hutaja sanaa ya watu walio hai pamoja nasi. Naye mfasiri ana neno moja tu mkononi, "kisasa", akalitumia kwa yote mawili. Hivyo Paul Cézanne, aliyefariki mwaka 1906, na kijana anayechanganya rangi zake leo asubuhi huko Mikocheni, hutiwa katika fungu moja, na msomaji wa Kiswahili hana njia ya kuwatenganisha.

Makala haya yanakusudia kulitazama swali hilo kwa njia ya historia. Wengi wetu tulio katika kazi ya istilahi hudhani kwamba majina ya fani huzaliwa katika kamati na kamusi, kisha hutelemka kwa watumiaji. Katika fani ya sanaa mambo hayakwenda hivyo hata kidogo. Majina mengi yalizaliwa ukumbini, au mahakamani, au katika chumba kilichojaa moshi wa sigara, wasanii na wahakiki wakisema mbele ya watu na mara nyingi wakigombana. Na pale ambapo msanii hakusema, au alisema kwa lugha isiyosikiwa, jina alilipewa na mwingine.

Mahakamani kwanza

Mwaka 1877 mhakiki mashuhuri wa Uingereza, John Ruskin, aliandika juu ya picha moja ya James McNeill Whistler, Mmarekani aliyekaa London, kwamba mchoraji huyo alikuwa akidai fedha nyingi kwa kuwamwagia watu kopo la rangi usoni. Whistler akamshtaki. Kesi ilisikilizwa Novemba 1878, na mchoraji akashinda. Lakini fidia aliyopewa ilikuwa robo ya peni, na gharama za kesi zikachangia kumfilisi mwaka uliofuata. Lililo muhimu kwetu ni lile alilofanya baadaye. Tarehe 20 Februari 1885 alikodi ukumbi London, akaalika watu waje saa nne za usiku baada ya chakula, akasimama kuwahutubia mwenyewe. Aliwaambia kwamba sanaa haina deni la kufundisha maadili, na kwamba mwandishi wa magazeti amejiweka katikati ya picha na mtazamaji. Kwa Kiswahili cha sokoni tungesema: amejifanya dalali.

Hapo yafaa tusimame kidogo. Mtu aliyefanya kazi kama ya Ruskin tunamwita nani? Yako maneno mawili, "mkosoaji" na "mhakiki". La kwanza latokana na kutafuta kosa. La pili latokana na kuhakiki, yaani kutafuta ukweli wa jambo. Katika fasihi neno "mhakiki" lilikwisha kushinda tangu miaka ya 1970, na wanafunzi wa sekondari walitumia bila shida. Katika sanaa za uchoraji na uchongaji bado magazeti yetu hupendelea "mkosoaji", kana kwamba mtu huyo hana kazi ila kutafuta dosari. Whistler angekubaliana na magazeti. Mimi naona tumfuate mwalimu wa fasihi, kwani fani moja haiwezi kumheshimu msomaji wake na nyingine ikamtukana.

Kesi ya pili yawahusu zaidi watumishi wa serikali. Mwaka 1926 iliwasili New York kazi ya shaba iliyong'arishwa ya Constantin Brancusi, mchongaji mzaliwa wa Romania aliyeishi Paris. Jina lake lilimtaja ndege angani, lakini haikuwa na mbawa wala mdomo wala miguu. Ilikuwa umbo jembamba lililosimama wima na kumeremeta. Sheria ya Marekani ilisamehe ushuru kazi za sanaa. Maofisa wa forodha hawakuona ndege, kwa hiyo hawakuona sanaa. Wakaitia katika fungu la vyombo vya jikoni na vifaa vya hospitali, na kuitoza asilimia 40 ya thamani yake. Shauri likafunguliwa, likaanza kusikilizwa Oktoba 1927. Wachongaji na wahakiki waliitwa mmoja mmoja kueleza mbele ya majaji sanamu ni nini. Shahidi mmoja, mpiga picha Edward Steichen, aliyekuwa mwenye mali hiyo, aliulizwa kama angekiona kitu kile msituni angekipiga risasi akidhani ni ndege. Hukumu ilitoka Novemba 1928. Mahakama ilikiri kwamba imezuka shule mpya ya sanaa inayojaribu kuonyesha mawazo dhahania badala ya kuiga vitu vya asili, na kwamba kuipenda au kutoipenda shule hiyo hakuondoi ukweli kuwa ipo. Ushuru ukafutwa.

Kesi hiyo huitumia mara kwa mara ninapoambiwa na maofisa kwamba istilahi za sanaa ni anasa. Karani wa forodha aliyeandika "vyombo vya jikoni" hakuwa mjinga. Alikuwa na orodha ya mafungu, na katika orodha ile neno "sanamu" lilikuwa na maana iliyofungwa. Maana ilifunguliwa na watu wa fani waliosema hadharani, chini ya kiapo, wakiulizwa maswali ya kuudhi.

Boston na New York, 1948 hadi 1950

Sasa tuje kwenye maneno yetu mawili yenyewe. Mwaka 1936 katika mji wa Boston ilianzishwa nyumba ya sanaa iliyokuwa tawi la Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York. Baada ya miaka michache tawi likajitegemea, nalo likabaki na neno lile la "kisasa" katika jina lake. Februari 1948 viongozi wake wakatangaza kwamba wanaliacha. Walidai kwamba neno hilo limekwisha kuwa jina la mtindo mmoja tu, mtindo ambao umekuwa fumbo lisiloeleweka na umma, na kwamba wao watatumia lile neno la pili, linalosema tu kwamba kitu ni cha wakati wetu.

Wasanii wa Boston waliona wamesalitiwa. Walifanya mkutano wa hadhara Machi mwaka huo, na mwezi Mei wenzao wakakutana New York kulizungumza jambo hilo hilo. Ilichukua miaka miwili kulipatanisha: mwaka 1950 nyumba ya Boston ilitoa tamko la pamoja na majumba mawili makubwa ya New York, wakikubali kwamba sanaa mpya ina haki ya kuwa ngumu.

Msomaji na aitazame vizuri kinaya hii. Neno ambalo leo katika Ulaya na Marekani hutumiwa kutaja sanaa iliyo mpya kuliko zote, ile inayowashangaza watu zaidi, lilichukuliwa huko Boston mwaka 1948 na watu waliotaka kuukimbia upya uliozidi. Lilikuwa neno la tahadhari. Anayedhani kwamba maneno hayo mawili yana maana zilizokatwa kwa msumeno tangu mwanzo, na kwamba kazi yetu ni kutafuta visawe viwili vya Kiswahili na kuvibandika, hajui yalivyopatikana. London ilikuwa imekwisha kulichagua neno hilo hilo mwaka 1946 ilipoanzisha taasisi yake, bila ugomvi wa namna hiyo, na taasisi ile ikajulikana kwa mazungumzo yake kama ilivyojulikana kwa picha zake.

Lakini kisa kilicho na mafunzo mengi zaidi kwa mtu wa istilahi ni cha New York, katika mtaa wa nane upande wa mashariki, nyumba namba 35. Mwaka 1948 wachoraji wachache, miongoni mwao Mark Rothko na Robert Motherwell, walifungua hapo shule ndogo. Shule haikudumu mwaka. Kilichodumu ni mazungumzo ya Ijumaa jioni ambayo kila mtu aliruhusiwa kuyahudhuria: juma hili mchoraji, juma lijalo mshairi au mwanamuziki. Shule ilipofungwa, walimu wa chuo kikuu cha hapo jirani, akiwamo mchoraji Mwafrika-Mmarekani Hale Woodruff, wakakichukua chumba na kuyaendeleza. Hatimaye, kabla ya kukifunga, wasanii wapatao ishirini na zaidi wakakaa faraghani siku tatu, tarehe 21 hadi 23 Aprili 1950, pamoja na mwandishi wa hati mkato. Maneno yao yakahaririwa na kuchapishwa, kwa hiyo tunayo. Walikuwamo Willem de Kooning, Barnett Newman, Louise Bourgeois, Hedda Sterne, na Norman Lewis, Mwafrika-Mmarekani pekee katika kikao.

Siku ya mwisho Alfred Barr, mtu mkubwa wa lile jumba la makumbusho la New York, aliwauliza swali ambalo kila mtu wa istilahi angeuliza: harakati yenu iitwe jina gani? Alitaja majina yaliyokuwa yakizunguka. Motherwell akaongeza mengine. James Brooks akapendekeza neno lenye maana ya sanaa ya moja kwa moja, huku akikiri kwamba halisikiki vizuri. Ikasemwa pia kwamba badala ya kuiita kazi yao dhahania, waiite kinyume chake, yaani kitu kilicho dhahiri, chenye mwili. Ndipo de Kooning akasema kwamba kujipa jina kungekuwa maangamizi.

Wakaondoka bila jina. Je, walibaki bila jina? La. Mhakiki Robert Coates alikuwa amekwisha kuandika gazetini mwaka 1946 jina linalounganisha udhahania na kumwaga hisia, na ndilo hilo lililowashika hadi leo katika kila kitabu cha shule. Mwaka 1952 mhakiki mwingine, Harold Rosenberg, akawapa jina la pili, akiutaja uchoraji wao kuwa ni tendo. Wachoraji walilalamika juu ya yote mawili. Walikuwa wamepewa kiti, na mwandishi wa hati, na swali lililo wazi, nao wakakataa. Sina haki ya kumlaumu de Kooning. Huenda msanii mkubwa aona mbali kuliko kamati. Nasema tu kwamba nafasi aliyoiacha wazi haikukaa wazi hata miaka mitatu.

Nalo neno "dhahania" latuhusu moja kwa moja. Sisi tumelichukua katika sarufi, kwenye nomino dhahania, ambako lataja kisichoshikika: upendo, wema, njaa. Mwanafunzi akisikia "picha dhahania" hufikiri ni picha isiyokuwapo, iliyo kichwani tu. Kumbe rangi ipo ukutani, nzito, na ukiigusa utafokewa na mlinzi. Wale wa New York walikuwa na wasiwasi huo huo na neno lao. Kwa hiyo mwalimu anayelikwepa neno hilo darasani na kusema "picha isiyotaja kitu" hakosei. Ametembea njia ile ile ya Brooks na wenzake.

Afrika: ukumbi wetu, lugha ya wengine

Mazungumzo ya hadhara ya wasanii Waafrika juu ya sanaa ya zama zao yana historia ndefu kuliko inavyodhaniwa. Septemba 1956, katika Chuo Kikuu cha Sorbonne, Paris, ulifanyika Mkutano wa Kwanza wa Waandishi na Wasanii Weusi ulioitishwa na Alioune Diop na jarida lake la Présence Africaine. Mchongaji wa Nigeria Ben Enwonwu alisimama hapo kuzungumzia matatizo ya msanii wa Afrika wa wakati ule. Miaka kumi baadaye, kuanzia mwisho wa Machi 1966, Dakar ilikuwa na kongamano lililotangulia Tamasha la Kwanza la Dunia la Sanaa za Watu Weusi, na mada yake ilikuwa kazi ya sanaa katika maisha ya watu na kwa ajili ya watu. Enwonwu alikuwapo tena. Mwaka 1977 Lagos nayo ikawa na kongamano lake katika FESTAC. Katika mikutano yote hiyo Kifaransa na Kiingereza ndizo zilizotawala. Waliokuwa wakizungumziwa, yaani wachongaji na wafinyanzi wa vijijini, wasingeweza kufuatana na mazungumzo hata wangepewa nauli.

Upande wetu wa Afrika Mashariki, kizazi cha kwanza kilitoka Makerere, ambako Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa mwishoni mwa miaka ya 1930. Sam Ntiro (1923–1993), mwana wa Kilimanjaro, alizichora kazi za ushirika za Uchagga, akawa baada ya uhuru mwakilishi wa Tanganyika mjini London. Elimo Njau, naye wa Kilimanjaro, alizichora kuta za kanisa la Murang'a huko Kenya katika miaka ya 1950, akimweka Kristo katika mandhari ya Wakikuyu. Mwaka 1965 Njau na wenzake wakafungua Nairobi nyumba ya sanaa na mazungumzo waliyoiita Paa ya Paa. Jina hilo linacheza na neno "paa": mnyama, na kupaa angani. Mwalimu wa sarufi atauliza upatanisho u wapi, maana mnyama hupaa kwa "a-". Nami namwomba mwalimu huyo apumzike. Ni jina la kwanza ninalolijua la ukumbi wa sanaa mpya Afrika Mashariki lililobuniwa na wasanii wenyewe kwa Kiswahili, wakitumia mchezo wa maana ambao hautafsiriki. Msemo mashuhuri wa Njau, kwamba kunakili ni kumlaza Mungu usingizi, ulienea kwa Kiingereza. Lakini tukiurudisha kwetu twakuta uamuzi ambao Kiingereza hakikumtaka aufanye: je, ni "kunakili" au "kuiga"? Fundi wa pwani huwafundisha wanagenzi wake kwa kuwaigiza nakshi za mlango kwa miaka. Kwake yeye kuiga ni adabu ya kazi, na kunakili ni jambo la karani.

Linganisha hayo na yaliyowapata Wamakonde. Wachongaji waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji kutafuta kazi, wengi katika mashamba ya mkonge, walikuwa wakichonga mpingo kwa ajili ya soko la Dar es Salaam tangu miaka ya 1950. Mwishoni mwa muongo huo Samaki Likankoa alianza kuchonga maumbo ya ajabu ya viumbe wa porini. Kwa Kimakonde viumbe hao wana jina lao, nnandenga. Sokoni wakaitwa "shetani", neno ambalo Kiswahili kilipata kwa Waarabu na ambalo msikitini na kanisani lina maana moja tu. Kutoka hapo mfasiri akaendelea hatua moja, akampa mnunuzi wa Ulaya neno lake la Ibilisi. Hivyo mzuka wa porini, ambaye aweza kuwa mcheshi, mwizi, au mwenye kusumbua tu, alifika sebuleni kwa Wazungu akiwa adui wa Mungu. Ule mtindo mwingine, wa nguzo ya watu waliobebana, wachongaji waliuita dimoongo, yaani nguvu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ukajulikana kwa jina la ujamaa. Jina zuri, lenye heshima, na mimi sina ugomvi nalo. Ila lilitoka kwa siasa na soko, na mchongaji hakuulizwa.

Na Edward Saidi Tingatinga? Alianza kuuza picha zake za rangi za kopo juu ya vibao mwaka 1968, akauawa kwa risasi za polisi mwaka 1972 kwa kudhaniwa mtu mwingine. Jina lake limekuwa nomino ya kawaida, huandikwa kwa herufi ndogo, na lina wingi wa "picha za tingatinga" kama vile kuna trekta za tingatinga. Wanafunzi wake waliunda ushirika wao mwaka 1977, na chama cha ushirika mwaka 1990. Hapo angalau jina ni la mwenye kazi.

Yanayosemwa sasa

Hali imebadilika kwa kiasi. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Baraza la Sanaa la Taifa liliendesha Jukwaa la Sanaa siku za Jumatatu pale Ilala, Dar es Salaam, wasanii wakisema na kuulizwa kwa Kiswahili. Nafasi, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2008, na Kuona ya Nairobi, iliyoanza mwaka 1995, zilijipa majina ya Kiswahili na kuwakusanya wasanii wa fani hizi. Katika mazungumzo ya namna hii niliyoyahudhuria, nimeona desturi moja. Msanii huanza kwa Kiswahili. Akieleza mbao, kutu, nyuzi, kupauka kwa rangi na bei ya vifaa, Kiswahili chake ni kikamilifu kuliko changu. Akifika mahali pa kuitaja aina ya kazi yake, huhamia Kiingereza kwa neno moja, kisha hurudi. Neno hilo moja ndilo kazi yetu.

Nami nasadiki kwamba mengi tunayoyatafuta yamekwisha kusemwa. Msanii anayejaza chumba kizima kwa vitu ili mtazamaji apite katikati yake nimemsikia akisema kwamba "ameisimika" kazi yake. Twasimika mlingoti, na twasimika mtawala. Kitenzi kina uzito na sherehe, na "kazi ya kusimikwa" yaeleweka mara moja. Taabu kubwa zaidi i katika neno "maonyesho". Tangu miaka ya 1970 "sanaa za maonyesho" zimekuwa drama, ngoma na mfano wa hayo, na picha zimetengwa katika "sanaa za ufundi". Lakini picha nazo hutundikwa katika maonyesho. Na leo yuko msanii ambaye kazi yake ni kusimama mwenyewe mbele ya watu ukumbini mwa picha, akijipaka udongo kwa saa tatu. Huyu si mwigizaji, wala hana turubai. Mgawanyo wetu wa zamani haumjui, na mtunga mtaala atalazimika kuamua amweke wapi.

Jambo la "msanii" lenyewe nalitaja kwa haraka kwa kuwa kila mtu analijua. Mitaani "usanii" umekuwa ulaghai, na mtu akisema "huo ni usanii" hasifu. Hadhira hucheka mwenyekiti anapomkaribisha "msanii wetu". Wengine wameanza kujiita mafundi, kwa makusudi, na sioni aibu ndani yake.

Juu ya "kisasa" nasema hivi. Kiambishi "ki-" mbele ya neno "sasa" chataja namna, kama tunavyosema kula kizungu au kulia kitoto. Nyumba ya kisasa ni nyumba iliyojengwa kwa namna fulani, ya saruji na bati. Yaweza kuwa ilijengwa mwaka 1955. Nyumba ya sasa ni ile iliyopo sasa, hata ikiwa ya udongo. Lugha yenyewe, basi, inatofautisha mtindo na wakati, na tofauti hiyo ndiyo waliyoigombania watu wa Boston. Cézanne ni wa sanaa ya kisasa. Si wa sanaa ya sasa. Mzee anayechonga nnandenga wake mwaka huu kama alivyofundishwa na babaye ni wa sanaa ya sasa, hata kama hana la kisasa. Kwa mgawanyo huu mzee yule anaingia ukumbini kwa haki, hahitaji kupenyezwa kwa mlango wa kazi za mikono. Pingamizi nililolisikia ni kwamba "sasa" hupita, na kijitabu kitakachosomwa miaka 50 ijayo kitakuwa kinasema uongo. Ni kweli, na neno la Ulaya lina ugonjwa huo huo. Waarabu nao, wanaotumia neno lenye mzizi mmoja na alasiri yetu, wameridhika kuishi nao.

Kwamba neno laweza pia kusafiri kinyume, kutoka kwetu kwenda kwao, lilionekana huko Kassel, Ujerumani, mwaka 2022. Maonyesho makubwa ya documenta, ya 15, yaliongozwa na kikundi cha ruangrupa cha Jakarta. Kikundi hicho kilikuja na neno "lumbung", yaani ghala ambamo wanakijiji huweka pamoja ziada ya mpunga, na kikakataa kulitafsiri. Kwa siku 100 wahakiki wa Ulaya walilazimika kulitamka. Maonyesho yale yaligubikwa na ugomvi mkali, picha moja ikaondolewa kwa kushutumiwa kuwa na chuki dhidi ya Wayahudi, na mfululizo wa mazungumzo ya hadhara uliokuwa umepangwa kulijadili suala hilo ulivunjika kabla haujaanza. Kwa hiyo hakuna anayeweza kukitaja kisa hicho kama harusi. Hata hivyo neno lilibaki. Walioalikwa ni pamoja na Wajukuu, kikundi kutoka Mukuru, Nairobi, ambacho kilitunukiwa mwaka huo Tuzo ya Arnold Bode. Jina lao nalo halikutafsiriwa.

Wafasiri, walimu na watumishi wanaohudhuria mazungumzo ya wasanii wanaombwa watuletee maneno waliyoyasikia. Yaandikwe kama yalivyosemwa, pamoja na sentensi nzima iliyoyabeba, mahali, tarehe, na fani ya msemaji. Kwa sasa tunayatafuta hasa matatu: jina la yule anayechagua kazi na kuzipanga ukumbini, ambaye "mtunzaji" humfanya mlinzi wa makumbusho, jina la kazi iliyorekodiwa ili ioneshwe ukutani badala ya sinema, na jina la yule msanii aliyejipaka udongo.